UZI: Duara lina pembe ngapi? Walimu na mafundi wa Mtwara na Lindi, njooni na vipimo

Kamba_na_Kigingi (Chuno, Mtwara)

Wakuu, heshima kwenu. Walimu na wazee wa humu, shikamooni.

Kuna ubishi ambao ukiwashwa hauzimiki, bora tuulete hapa penye watu wa kazi. Swali la kwanza: duara lina pembe ngapi? Wapo wanaosema halina hata moja, wapo wanaosema zipo ila hazihesabiki. Swali la pili ndilo gumu: nusu duara, lile lililokatwa katikati kwa mstari ulionyooka, lina pembe ngapi na kila moja ina nyuzi ngapi? La tatu: lipo umbo lililofungwa lenye pembe mbili tu? Lenye moja je?

Masharti ni mepesi. Anayejibu aje na kipimo. Chora, kata au pima, halafu lete namba tuzikague.

Mwl_Shangani (Mtwara)

Marahaba. Naanza na jibu la darasani, halafu mafundi mtanivamia.

Pembe inataka mistari miwili inayokutana kwenye nukta, na penye nukta hiyo mwelekeo ubadilike ghafla. Kwenye duara hakuna mahali mwelekeo unaporuka. Kwa hiyo kona ni sifuri.

Wanaosema hazihesabiki wanatoka mbali kidogo, nao wana hoja. Wanachukua umbo lenye pande sawa na kuziongeza. Pembe ya ndani ya umbo la pande n zilizo sawa ni 180 × (n − 2) ÷ n. Pembetatu inatoa 60, mraba 90, pembetano 108, pembesita 120, pembenane 135. Ukifika pande 12 ni 150, pande 100 ni 176.4, pande 1,000 ni 179.64. Sasa tazama namba zinakimbilia wapi: 180. Nyuzi 180 ni mstari ulionyooka. Ukisema duara lina kona zisizohesabika, basi kila kona ni ya nyuzi 180, na kona ya nyuzi 180 haipo. Msimamo wangu ni sifuri.

Bati_Magomeni (Mtwara)

Mwalimu, nakuheshimu, lakini umehesabu upande usiosaidia. Achana na pembe ya ndani, hesabu kiasi unachogeuka. Ukitembea pembeni mwa mraba, kila kona unageuka nyuzi 90, mara nne, 360. Pembesita unageuka 60 mara sita, 360. Umbo la pande 1,000 unageuka 0.36 mara elfu, bado 360. Duara nalo ukilizunguka mpaka ukarudi ulipoanzia umegeuka 360. Hakuna kilichopotea. Kule kugeuka kupo kwote, ila hakukukaa sehemu moja.

Kwa hiyo mimi nasema duara lina nyuzi 360 za kona, zimesambazwa. Ukiniambia sifuri, nitakuuliza hizo 360 zimekwenda wapi.

Mwl_Shangani

Fundi, hapo sikupingi hata kidogo. Kinachobaki ni kama kitu kilichosambazwa bado tukiite kona.

BintiLigula_Mishono (Ligula, Mtwara)

Kaka zangu, hili sisi wa cherehani tunalikata na mkasi kila siku. Naomba niwaonyeshe kwa shingo ya gauni.

Chukua shingo ya mraba na shingo ya duara, zote zenye nafasi ya mshono ya sentimita 1. Nafasi hiyo iko upande wa tundu, na ukishashona unaigeuza iingie ndani ya nguo. Maana yake ukingo uliokuwa sentimita 1 ndani ya mshono unatakiwa ukalale sentimita 1 nje ya mshono. Umehama sentimita 2.

Shingo ya mraba: kila upande ukingo umepungukiwa na sentimita 2 kila mwisho, yaani 4, mara pande nne ni 16. Upungufu wote uko kwenye kona. Ndiyo maana unachanja mara moja tu kila kona, mpaka karibu kabisa na uzi, unabakiza kama milimita 1 au 2, na nguo inalala. Usipochanja, kona inakunjamana. Ukipitiliza ukakata uzi, kona inafumuka siku ya kwanza ya kufua.

Shingo ya duara: r ikiwa nusu kipenyo cha mshono wa shingo, ukingo ulikuwa na mzingo wa 2 × 3.14 × (r − 1), unatakiwa ukalale penye 2 × 3.14 × (r + 1). Tofauti ni sentimita 12.6. Angalia kitu cha ajabu hapo: r imetoweka. Shingo iwe ya mtoto au ya mtu mzima, upungufu ni ule ule 12.6, kwa sababu kote umezunguka mara moja. Ila haukai sehemu moja, umeenea mzunguko mzima, kwa hiyo unachanja kila sentimita 1 mpaka 1.5 kuzunguka shingo yote. Au unapunguza nafasi iwe nusu sentimita, upungufu unashuka kuwa 6.3, kisha unachanja kidogo. Shingo ya mtoto ni ndogo, 12.6 ile ile inagawanywa kwenye mzingo mfupi, ndiyo maana inasumbua kuliko ya mtu mzima.

Kwa hiyo mimi niko na Bati. Kona ipo, imetawanywa. Isingekuwepo tusingechanja.

Seremala_Masasi

Dada umemaliza. Kwamba r inatoweka ndiyo hesabu ile ile ya njia inayozunguka bustani: njia ya upana wa mita 1, ukingo wake wa nje ni mrefu kuliko wa ndani kwa mita 6.28, bustani iwe na ukubwa wowote ule.

Lakini mbao haichanjwi, mbao inakatwa, na hapo kona zinarudi. Nazungumzia meza ya duara au fremu ya dirisha la duara inayoungwa kwa vipande.

Vipande 8: kila kiungo kinageuka 45, kila ncha inakatwa 22.5. Vipande 12: kila kiungo 30, kila ncha 15. Wengi hukosea hapa. Wanachukua pembe ya ndani ya pembenane, 135, wanaigawa kwa mbili wanapata 67.5, wanakwenda kuitafuta kwenye mashine ya kukatia pembe. Mashine nyingi sifuri yake ni mkato uliosimama mraba na ubao, kwa hiyo namba ya kuseti ni 22.5. Hizo 67.5 ndizo zinazobaki ukitoa kwenye 90.

Kosa la pili ni dogo na ndilo linalotesa. Mashine ikidanganya nusu nyuzi tu, vipande 8 vina ncha 16, nusu mara 16 ni nyuzi 8. Kiungo cha mwisho kinabaki wazi kama mdomo. Vipande 12 vina ncha 24, unapata nyuzi 12. Dawa yake: gundisha nusu ya kwanza peke yake na nusu ya pili peke yake. Zikikauka, kila nusu ipige rula kwenye ncha zake mbili na uziweke kwenye mstari mmoja kwa randa, halafu unganisha nusu mbili. Kosa lote unalitoa mara moja.

Vipimo kwa duara la nusu kipenyo milimita 600 kwa nje na 500 kwa ndani: vipande 8, kila kimoja kiwe na urefu wa 497 upande wa nje, na ubao uwe na upana usiopungua 138. Vipande 12, urefu 322 na upana 117. Ukitumia vipande vichache unakula ubao mpana, na tao linakata nyuzi za mbao kimshazari karibu na kiungo. Mninga utavumilia, mbao laini itapasuka pale pale. Kwa kazi inayobeba mzigo, 12 ni bora.

Kamba_na_Kigingi

Safi sana. Bado hakuna aliyegusa swali la nusu duara. Kona mbili zile za chini, ni 90 au siyo 90?

Mwashi_Kilwa (Kilwa Masoko)

Ni 90. Rediasi yoyote, yaani nusu kipenyo, inakutana na duara kwa nyuzi 90, na mstari wa kukatia katikati ni rediasi mbili zilizoungana. Huu ndio msingi wa kujenga tao. Unafunga kamba kwenye msumari wa katikati, kila tofali unalolilaza unavuta kamba, na udongo wa kila kiungo ufuate kamba hiyo. Kiungo kisichoelekea kwenye msumari ndicho tofali lake linaloteleza.

Mwl_Shangani

Mwashi, subiri kwanza, maana hapa wakubwa waligombana. Euclid, Mgiriki wa kale wa hesabu, katika kitabu chake cha tatu, hoja ya 16, anasema pembe ya nusu duara ni kubwa kuliko pembe kali yoyote ya mistari iliyonyooka, na ile inayobaki kati ya duara na mstari unaoligusa ni ndogo kuliko pembe kali yoyote. Kwa maneno mengine haifiki 90, ila huwezi kuweka pembe kali yoyote katikati yake na 90. Karne ya 16 Mfaransa Jacques Peletier akasema huo upenyo unaobaki si pembe, duara na mstari unaoligusa havifanyi pembe. Christopher Clavius akampinga, akasema ni pembe, ila ya jamii nyingine.

Kwa hiyo anayesema "siyo 90 kamili" si mjinga. Ana Euclid nyuma yake.

Mwashi_Kilwa

Mwalimu, tuweke skwea tuone. Duara la nusu kipenyo milimita 500. Mguu mmoja wa skwea ulale kwenye mstari wa chini, mwingine usimame kwenye kona. Pima uwazi kati ya mguu uliosimama na tao. Ukipanda milimita 100, uwazi ni 10.1. Ukipanda 50, ni 2.5. Ukipanda 10, ni 0.1, unene wa karatasi. Ukipanda 1, ni 0.001.

Ingekuwa kona ni nyuzi 89 badala ya 90, uwazi ungepungua kwa kiwango kile kile unavyoshuka: 100 ungetoa 1.75, 10 ungetoa 0.175, 1 ungetoa 0.0175. Kwenye tao, ukishuka mara kumi uwazi unapungua mara mia. Unaisha haraka kuliko pembe yoyote inavyoweza kuisha. Hiyo kwangu ni 90, na uwazi unaouona juu ni kupinda kwa tao, si upungufu wa kona.

Bati_Magomeni

Na hesabu ya kugeuka inamuunga mkono. Zunguka nusu duara: mstari wa chini hugeuki, tao unageuka 180, zinabaki 180 za kugawana kona mbili. Tisini, tisini. Kona zingekuwa chini ya 90, ungegeuka zaidi ya 90 kila kona na jumla ingezidi 360.

Mwl_Shangani

Nakubali kwa kipimo. Leo ndivyo tunavyofundisha: pembe kati ya mstari na tao ni pembe kati ya mstari huo na mstari unaoligusa tao kwenye nukta ile. Kwa kipimo hicho ni 90, na pembe ya Peletier na Clavius ni sifuri.

Na hiyo njia ya Bati inajibu swali la tatu. Chora duara mbili zilizo sawa, kila moja ipite kwenye kitovu cha mwenzake. Sehemu iliyo katikati ina kona mbili tu. Kila tao linageuka 120, jumla 240, zinabaki 120 kwa kona mbili, yaani unageuka 60 kila kona, na pembe ya ndani ni 120. Umbo la kona mbili hilo hapo, na kwa mistari iliyonyooka huwezi kulipata hata ukikesha. Kona moja: chora umbo la tone la maji. Ukitaka ncha yake iwe ya nyuzi 90, unageuka 90 kwenye ncha, basi upindo wote uliobaki ugeuke 270.

Mwashi_Kilwa

Tuingie kwenye tao lenyewe sasa, maana wengi wanajenga tao kwa macho.

Mlango wa upana wa milimita 900, tao la nusu duara, rediasi 450. Mzingo wa ndani wa tao ni 1,414. Tofali la kuchoma la unene wa 75, idadi iwe witiri ili moja likae juu kabisa katikati. Matofali 17: 1,414 ÷ 17 ni 83, kiungo cha ndani milimita 8. Kizuri. Kwa nje sasa: ukilisimamisha tofali kwa upana wake wa 112, rediasi ya nje ni 562, mzingo 1,766, kila tofali linapata 104, kiungo cha nje milimita 29. Kinakubalika kwa shida. Ukilisimamisha kwa urefu wake wa 225, rediasi ya nje ni 675, mzingo 2,121, kila moja 125, kiungo cha nje milimita 50! Huo ni udongo unaobeba nyumba, utasinyaa ukikauka na tao litafunguka kwa juu.

Kwa hiyo ukitaka tao nene bila kuchonga matofali, jenga pete mbili za nusu tofali, moja juu ya nyingine, kila pete na idadi yake. Au uchonge kila tofali liwe kabari: 180 ÷ 17 ni nyuzi 10.6 kwa kila moja pamoja na kiungo chake.

Anza pande zote mbili kwa pamoja kupanda juu. Ukipandisha upande mmoja, fremu ya mbao inasogea na tao linakaa upogo. Fremu yenyewe ikae juu ya kabari mbili mbili zinazokabiliana. Udongo ukishika, gonga kabari ishuke milimita chache, tao likae lenyewe, ndipo uitoe siku nyingine. Anayeing'oa kwa nguvu siku hiyo hiyo anavuta na matofali.

Mwana_Nangurukuru (Kilwa)

Mwashi, na matao yenye ncha juu? Ya misikiti ya zamani.

Mwashi_Kilwa

Hayo ni vipande viwili vya duara, vinatengeneza kona moja kileleni. Aina rahisi: upana wa mlango ndio rediasi, msumari mmoja kila upande pale tao linapoanzia. Tao la kushoto unalipiga kwa msumari wa kulia, na la kulia kwa msumari wa kushoto. Kona ya juu inakuwa nyuzi 120. Kosa ni kuvuta kamba zote kwenye msumari mmoja wa katikati: ncha inapotea na viungo vinaelekea kusikohusika.

Ukivuka kwenda Kilwa Kisiwani utaona mengi ya kupima. Msikiti Mkuu una matao, kuba na dari za nusu pipa, na kwenye magofu ya jumba la Husuni Kubwa kuna birika la pembe nane. Kisiwa hicho pamoja na Songo Mnara viko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Chukua tepu, angalia, usiguse kuta.

Kamba_na_Kigingi

Pembe nane hiyo tunaipigaje chini kwa kamba? Watu wanajenga vibanda vya pembe nane huku ufukweni na pande hazilingani.

Seremala_Masasi

Kwa sababu wanapima upande mmoja kisha wanaurudia kuzunguka. Kosa la sentimita 1 linarudiwa mara nane. Fanya hivi:

Kigingi katikati, piga duara la mita 3. Usitumie kamba ya nailoni, inavutika, na duara lako litakuwa yai. Tumia ubao mwembamba wenye msumari ncha zote, au tepu ya chuma. Piga kipenyo cha kwanza. Cha pili kikate cha kwanza mraba kwa 3, 4, 5: mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, mshazari uwe mita 5 kamili. Sasa una nukta nne. Kila mbili zinazofuatana zipimie katikati, toa mstari kutoka kigingini kupita hapo mpaka kwenye duara, unapata nyingine nne. Ndipo unapima pande kwa ajili ya kukagua tu: kila mmoja uwe mita 2.296. Usipolingana, rudi kwenye 3, 4, 5.

Pembesita haina shida yote hiyo. Upande wake ni sawa na rediasi, unatembeza ubao ule ule mara sita na unarudi ulipoanzia. Pembetano kwa mita 3 upande ni 3.527, na haiji kwa kugawa nusu, hivyo weka namba.

Bati_Magomeni

Niongezee la bati, maana hapa mstari ulionyooka unageuka kuwa wimbi. Elbo, yaani kona ya bomba, ya nyuzi 90 ya vipande vinne, bomba la kipenyo cha milimita 100, rediasi ya kupinda 150 katikati ya bomba.

Mtu anagawa 90 kwa 4, anapata 22.5, kazi imeharibika. Vipande vinne vina viungo vitatu. Kila kiungo kinageuka 30, kila mkato ni 15. Vipande vya mwisho ni nusu ya vile vya kati.

Bati la kipande cha mwisho: upana 314 kwa kuzunguka, ligawe mara 12, kila sehemu 26.2. Urefu wa kila mstari kuanzia mgongoni (upande wa nje wa kupinda) kwenda tumboni (upande wa ndani): 53.6, 51.8, 46.9, 40.2, 33.5, 28.6, 26.8, kisha unarudi kwa mpangilio ule ule. Unganisha ncha kwa mkono laini, unapata wimbi. Ukilikunja kuwa bomba, wimbi lile linakaa juu ya meza bila kuchezacheza, limenyooka kabisa. Vipande vya kati ni wimbi juu na wimbi chini, urefu mara mbili. Ongeza milimita 6 mpaka 10 za kukunjia, na uziongeze baada ya kuchora, kwa sababu ukiziingiza kwenye 314 bomba linakuwa nene na halivai.

Atakayeunganisha ncha zile kwa rula badala ya mkono atapata mwanya katikati ya kila nukta mbili.

BintiLigula_Mishono

Hiyo ni kichwa cha mkono wa shati kabisa. Bati na kitambaa ni tofauti, wimbi ni lile lile.

Mzee_wa_Mashua (Mikindani)

Vijana mmesahau chombo. Taruma, yaani ubavu wa mashua, la katikati linakutana na ubao karibu mraba. Kadiri unavyokwenda omoni, mbele ya chombo, ubao unaingia kwa ndani, na ukingo wa taruma lazima uchongwe kwa mshazari, kila taruma na mshazari wake. Unapima kwa skwea ya kukunja: laza ubao mwembamba unaopindika juu ya mataruma, mguu mmoja wa skwea ufuate ubao, mwingine ufuate uso wa taruma, na upime juu, katikati na chini, maana pembe inabadilika hata kwenye taruma moja. Ukichonga kwa pembe moja tangu juu mpaka chini, ubao unakaa kwa ukingo tu, msumari unauvuta unapasuka.

Kamba_na_Kigingi

Shikamoo mzee. Hilo linamaliza ubishi wa kama mistari iliyopinda ina pembe kati yake.

Ramani_Lindi (Lindi mjini)

Ninyi wote mko kwenye uso bapa. Mkija kwenye tufe, pembetatu inapita 180. Anza kwenye ncha ya dunia, shuka mpaka Ikweta, geuka 90, tembea robo ya mzunguko wa dunia kwa kufuata Ikweta, geuka 90, panda kurudi ulikoanza. Kona tatu, kila moja 90, jumla 270.

Lakini fundi wa msingi asiogope. Ziada inategemea eneo: sekunde moja ya pembe, yaani nyuzi moja igawe kwa 3,600, kwa takriban kilomita za mraba 197. Kiwanja hakina ziada ya kupimika. Kosa la pembe kiwanjani ni la kamba yako.

Kizuri zaidi ni mpira wa miguu wa vipande, ule wa pembetano 12 na pembesita 20. Kila kona zinakutana pembetano moja na pembesita mbili: 108 + 120 + 120 = 348. Zimepungua 12 kufika 360, ndiyo maana mpira unapinda badala ya kulala. Kona ziko 60, 60 × 12 ni 720. Sanduku la mraba: kila kona 270, zimepungua 90, kona nane, 720 tena. Upungufu wa kona zote ukikusanywa kwa njia hii, umbo lolote lililofungwa kama sanduku au mpira, lisilo na tundu la kupenya katikati, linatoa 720.

Mwl_Shangani

Hiyo ni ya Descartes, mwanahisabati Mfaransa. Na ni ndugu wa 360 ya Bati: kwenye mstari jumla ni 360, kwenye uso jumla ni 720.

Kijana_Nachingwea

Shikamooni wakubwa. Naomba msaada wa kazi: tangi la duara, rediasi ya ndani mita 1.2, tofali la saruji la inchi sita. Je, itakuwa duara au pembenyingi?

Mwashi_Kilwa

Marahaba mdogo wangu. Tofali zima la milimita 450 usilitumie hapo. Mzingo wa ndani ni 7,540, wa nje kwa ukuta wa 150 ni 8,482. Matofali 16: kiungo cha ndani 21, cha nje 80. Maji yatapita.

Kata nusu, 225. Ukiyapanga 32 bila kuchonga, ndani kiungo ni 11 na nje ni 40. Bado. Sasa chonga: matofali 36, kila moja linageuka nyuzi 10, kila ncha 5. Toa milimita 13 kwenye pembe ya ndani kila ncha, ukifuata mshazari mpaka sifuri kwa nje. Ndani tofali linabaki 199, kiungo 10. Nje linabaki 225, kiungo karibu 11. Tengeneza kielelezo kimoja cha bati, uchore kwacho matofali yote kabla ya kukata hata moja. Mstari unaofuata, viungo viangukie katikati ya matofali ya chini.

Bomba lisimame wima katikati ya tangi, na ubao wa 1,200 unaozunguka kwenye bomba hilo ugusie kila tofali kabla udongo haujashika.

Mwl_Shangani

Kwa swali lake: ni umbo la pande 36, kona za nyuzi 170. Katikati ya kila tofali upande wa ndani unaachana na duara kwa kama milimita 4.5.

Mwashi_Kilwa

Piga plasta ya ndani ya milimita 20 kwa tabaka mbili, uizungushie ubao ule ule wa bomba, ila sasa uukate uwe 1,180. Hizo 4.5 zitamezwa, na tangi litakuwa duara.

Kijana_Nachingwea

Asante fundi. Kwa hiyo ubao niuache 1,200 mpaka mstari wa mwisho wa tofali, ndipo niukate?

Mwashi_Kilwa

Ndiyo. Na bomba usilitoe mpaka plasta ya pili ikamilike, kwa sababu ukilirudisha halitakaa tena pale pale.